Jiko la Singe, Godoro la Nangara

Kwenye mashine ya kusaga,
Nangara,
Babati, Manyara.
9 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Jesse,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Habari za huko Perth? Mke wako Clara hajambo? Na Edda wetu ameshaota meno, au bado anatafuna ufizi? Sisi huku ni wazima, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata jua anakwenda mpaka shambani na kurudi. Ukimwambia apumzike anakuuliza kama umemwona ameanguka.

Usishangae kupata karatasi wakati simu zipo. Nikikutumia ujumbe wa sauti, unausikiliza huku Clara yuko pembeni. Haya ni yangu na yako, ndiyo maana nimempa Felix, mtoto wa jirani anayerudi chuoni huko, akukabidhi mkononi.

Mbaazi tumevuna vizuri mwaka huu. Mashine nayo inakwenda. Mkanda wa zamani ulikatika, nimefunga mpya mwenyewe, na mpaka leo haujateleza.

Mama tangu aliposikia kwamba mnakuja Desemba kumbatiza Edda ameshapaka chokaa chumba cha mbele. Kila siku jua likitoka anatoa godoro nje, analianika uani, analipiga kwa fimbo, jioni analirudisha. Godoro hilo halijalaliwa tangu ulipoondoka. Nilimwambia Desemba bado iko mbali, akasema hataki mjukuu wake aje kukohoa kwa vumbi.

Sasa nije kwenye jiko.

Nina wivu, Jesse. Naliandika neno hilo mapema ili usije ukasema dada alikuwa anazunguka. Siku lori liliposimama hapa mbele na lile boksi kubwa lenye jina lako ubavuni, nilitoka nje na unga wangu usoni, nikaanza kumwelekeza dereva namna ya kurudi nyuma aingie uani. Dereva akanitazama, akasema, "Mama, mimi nauliza njia tu. Huu mzigo ni wa Singe." Nikamwonyesha njia ya kwa wakwe zako, nikarudi ndani. Wateja wote walikuwa wameona. Mama alikuwa ameshafukuza kuku ili lori lipate nafasi.

Jiko la kuchomea nyama, la umeme, linalojiwasha lenyewe, limevuka maji yote hayo mpaka ukweni kwako. Kwetu hakijafika hata kijiko. Sisemi usiwaheshimu wakwe, mkwe ni wa kuheshimiwa. Lakini lile nusu pipa ambalo marehemu Baba alichomea nyama ya harusi yako bado liko nyuma ya nyumba, kuku wanatagia humo. Hilo hukulikumbuka.

Hata hivyo ningemeza. Kisha siku moja tukitoka kanisani Mama Clara akawa anawaeleza watu kwamba Desemba mtafikia kwao Singe, kwa kuwa jiko liko kwao na sherehe ya ubatizo itafanyika kwao. Mama alikuwa amesimama kando yangu. Akasema, "Ni vizuri." Mama hajawahi kumshika huyo mtoto, Jesse, na alisema ni vizuri. Kesho yake akalitoa godoro kama kawaida.

Ndipo ukanipigia simu. Jiko la wakwe zako limegoma, haliwaki, dada nakuomba ukaliangalie, wewe si ndiye fundi wetu. Hebu kaa ufikirie ulichoniomba siku ile. Nilikubali kwa sababu tu ulikuwa umefungua spika na Clara alikuwa ananiamkia, "Shikamoo wifi."

Nikaenda Singe. Walinipokea vizuri, siwezi kusema uongo, chai na chapati na maneno mazuri. Jiko nililikuta sebuleni, katikati ya televisheni na kabati la vyombo, limefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua ya njano. Kitambaa kingine kidogo kilikuwa kimesokotwa na kuchomekwa kwenye bomba la moshi ili mende wasiingie. Lilikuwa linapendeza, hilo nalo nilikubali kwa shingo upande.

Baba Clara akanieleza. Siku ya kwanza liliwaka bila shida, ila joto halikutulia. Namba kwenye kioo zilikuwa zinapanda na kushuka, na paja la mbuzi likaungua nje huku ndani lina damu. Baada ya hapo Mama Clara akalisafisha. Nikauliza amelisafisha kwa kitu gani. Kwa sabuni ya unga na maji ya kutosha, akasema, ndani na nje, mpaka likang'aa, maana zawadi ya mkwe haiwezi kukaa sebuleni na masizi. Tangu siku hiyo halijawaka tena. Wakijaribu, linapuliza tu upepo.

Niliinua wavu na lile bati la kukinga mafuta, nikachungulia. Sijui kama uliponunua walikueleza linavyofanya kazi. Zile pelleti ni vumbi la mbao lililoshindiliwa, zinafanana na chakula cha sungura. Zinakaa kwenye hopa kama mahindi kwenye mashine yangu, skrubu inazisukuma mpaka kwenye kikombe cha chuma, na humo kikombeni kuna kijiti cha umeme kinachopata moto mpaka kinakuwa chekundu. Feni inapuliza, moto unashika. Sasa pelleti ikipata maji inavimba na kurudi kuwa vumbi. Kikombe nilikikuta kimejaa uji wa mbao uliokauka, kijiti kimezikwa humo humo, na skrubu imekabwa.

Nilijua palepale, na nilinyamaza. Nikarudisha bati, nikarudisha wavu, nikachomeka na kitambaa mahali pake. Nikasema vitu vya siku hizi havina maisha, huenda limekufa. Mama Clara akashika kichwa. Akaniomba nisikwambie kwamba ameliosha. Nikamwahidi, nikamalizia chai yangu.

Kwenye bodaboda nilikuwa naimba. Jiko likiwa limekufa, sherehe inarudi Nangara, na Edda analala kwenye chumba chenye chokaa mpya. Nilipofika nilimwambia Mama kwamba limekufa. Akauliza, "Kabisa?" Nikasema kabisa. Aliinuka bila kushika goti, akaenda kulipiga godoro mara ya pili.

Kilichoniharibia ni maneno ya watu. Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, Vailet muuza vitenge akanifuata akasema, "Nasikia hata wewe limekushinda lile jiko la Singe." Hata mimi. Nangara hii mashine ya nani imewahi kufa bila kupita mikononi mwangu? Nikamwambia halijanishinda. Akacheka, akasema haya. Chakula cha mchana siku ile sikukisikia chumvi. Wivu naweza kuishi nao, nimeishi nao tangu ulipozaliwa ukapewa kitanda changu. Lakini kushindwa na jiko, hapana.

Jumatatu nikafunga mashine, nikachukua bisibisi na brashi ya waya, nikarudi Singe. Nililitoa uani, nikalifungua lote. Uji ule wa mbao nilikwangua kwa kijiko. Skrubu niliizungusha kwa mkono kinyumenyume mpaka ikaachia. Pelleti zilizobaki kwenye hopa nilizimwaga, zilikuwa zimeshalainika, nikafungua mfuko mpya. Kijiti nikakianika juani mpaka kikakauka, huku Mama Clara akinifuata nyuma na kuniuliza kama amekiua.

Nilipochomeka umeme kijiti kilipata rangi kidogo kikaishia hapo. Nikafuata waya. Walikuwa wameunganisha jiko, friji na televisheni kwenye waya mmoja mrefu, umeme unafika umeshachoka. Nikaliweka kwenye soketi yake peke yake, kijiti kikawa chekundu kama inavyotakiwa. Ukatoka moshi mweupe mzito, kisha moto ukashika, ukaanza kunguruma. Mama Clara alisema asante Yesu. Na mimi nilifurahi, Jesse, nikajichukia kwa kufurahi.

Ikabaki joto. Kile kitambaa cha kwenye bomba nilikuwa nimeshakitoa, maana moto hauwezi kukaa pasipo njia ya moshi. Kipima joto ni kile kijichuma chembamba kilicho ukutani kwa ndani, kilikuwa na ngozi ya mafuta na sabuni, nikakifuta. Lakini mkorofi mkubwa alikuwa Baba Clara mwenyewe. Amezoea kuchoma kwa mkaa kama wanaume wote wa huku: anageuza, anakata kipande, anaonja, anampa na jirani aonje. Kila akifunua joto linatoka. Jiko linadhani moto umepungua, linamwaga pelleti nyingi. Akifunika, joto linapaa. Nikamwekea kiti kule karibu na banda la ng'ombe, nikamwambia asisogee mpaka nimwite. Aliteseka sana mzee wa watu. Alikaa na kisu mkononi muda wote.

Namba zikatulia, hazikucheza tena. Nyama ilitoka laini, imeiva mpaka mfupani. Nilikula nimenuna, lakini kutafuna na kununa haviendi pamoja.

Ningependa wawe watu wabaya, Jesse, ingenisaidia. Si wabaya. Kabla mtu yeyote hajala, Baba Clara alikata ubavu wa kwanza, akaufunga vizuri, akanipa. "Huu ni wa mama yake Jesse."

Mama aliula uani, amekaa kwenye kigoda chake kando ya godoro. Alikula taratibu, akasema nyama imeiva vizuri, haijaungua popote. Kisha akasema, "Kwa hiyo linawaka." Nikamjibu linawaka. Akanawa mikono, akajifuta kwenye kanga. "Basi nisaidie tuliingize ndani hili. Hakuna haja ya kulianika tena."

Tukalishika huku na huku, tukaliingiza. Halijatoka nje tangu siku hiyo. Mama hajasema neno lolote baya juu yako wala juu ya Clara. Anauliza tu mahindi ya watu yamesagwa au bado.

Kazi uliyonituma nimeifanya. Waambie wakwe zako pelleti zisikae chini kwenye sementi, wazipandishe juu ya mbao, na majivu kwenye kikombe wayatoe likiwa limepoa, kwa brashi, bila maji. Lakini usiseme kwamba nimekwambia limeoshwa, niliahidi.

Sherehe na ifanyike Singe. Jiko liko kule, na mimi mwenyewe nitakwenda kulisimamia ili Baba Clara asifunue. Nyama yao siigombei. Ninachoomba ni usiku wa kwanza tu. Mkishuka stendi, mizigo ije hapa, na mtoto alale hapa, kesho yake mwende huko kwenye jiko lenu. Wala usitume kitu kingine chochote.

Shemeji yako Wilbert anakusalimu sana, anasema ukija umletee kofia. Rosalia wangu anamsubiri Edda, ameshamshonea mdoli wa kitambaa. Mpe Clara salamu zangu, na uzifikishe zote, maana zimetoka moyoni. Mama hakunituma salamu kwa sababu hajui kama nimeandika. Mungu awatunze huko ugenini, awape safari njema, awalete nyote watatu na afya zenu.

Ni mimi dada yako, nakupenda na wivu wangu wote,

Dorika

Majibu tuma kwa simu, hata Clara akisikia si kitu. Niambie tu kama kesho nilitoe godoro juani.