Dirisha la Darini na Damu ya Kiapo

Jumapili, 3 Oktoba 2021

Leo ni miaka sabini, miezi sita na siku kumi na mbili tangu meli itushushe Rotterdam. Nilikuwa na miaka minane. Baba, askari wa Waholanzi, aliambiwa: miezi sita tu, kisha mtarudishwa visiwani kwenu. Alikufa sanduku lake likiwa bado limefungwa kamba.

Tikiti za tarehe tisa Desemba zimo kwenye droo. Mke wangu Fin anataka kufia Hatusina, kijijini kwetu visiwani. Saratani imeingia mifupani. Daktari amesema akila na akilala atasafiri, asipokula, asifikirie. Dawa ya hospitali humtapisha, na akiinywa huniita kwa jina la kaka yake marehemu. Lakini nikimchemshia maua ya bangi katika siagi, nikampakia kwenye mkate, hulala usiku kucha, hula bakuli zima la wali, na huniita Zeth. Ya mwaka jana imebaki kijiko kimoja.

Kwa hiyo: mimea mitano darini, kiasi ambacho polisi wa hapa hukifumbia macho, siku kumi na mbili hadi kuvuna, kisha wiki saba za kumnenepesha. Kule hatubebi hata jani moja — ni gereza.

Mvua siku ya tano. Kipima unyevu: sabini na moja. Haupaswi kuzidi hamsini. Miaka thelathini na mmoja katika nyumba za vioo za waridi ilinifundisha kwamba kuvu haiji na mvua. Huja na alfajiri. Hewa hupata joto upesi, ua bado la baridi, umande unajikusanya ndani yake pasipoonekana. Ndiyo maana nawasha hita kabla ya jua, kisha nafungua dirisha la paa, unyevu utoke. Feni yetu ya kawaida inazunguka. Taa za kukuzia siweki. Ukikutwa nazo, wenye nyumba wanakuita mfanyabiashara, na unatupwa nje na godoro lako.

Lakini dirisha hutoa harufu! Wiki jana wezi wa bangi walimvamia mzee Harmsen, mtaa wa pili. Walimfunga kwenye hita ya sebuleni, wakamvunja vidole vitatu kwa koleo. Mimea minne tu. Nimemwona leo, mkono umefungwa bendeji unene wa mkate. Anasema hawakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo linalomtetemesha.

Nikifunga, kuvu. Nikifungua, koleo.

Jumanne, 5 Oktoba

Kuvu imeingia.

Jani moja dogo katikati ya kichwa kinene cha ua, la manjano. Nimelivuta kwa kucha mbili, likaja bila kushindana. Hiyo ndiyo alama. Nimepasua ua: kijivu ndani, vumbi linafuka. Nimekifunika kichwa kwa mfuko kwanza, vumbi lisirukie vingine, ndipo nikakata, shubiri nzima chini ya ugonjwa. Wembe nimeuchovya katika spiriti kila baada ya mkato. Vichwa vitano nimechinja. Siandiki kukata — nimechinja. Nimenyofoa na majani ya chini ili upepo upite.

Fin akauliza kutoka kitandani, chini: unamuua nani huko juu?

"Wagonjwa."

"Basi ukimaliza njoo na mimi."

Tulicheka wote wawili. Kisha akatapika.

Alhamisi, 7 Oktoba

Wempi amekuja. Yeye ni wa Waelau, kijiji kilichochanjiana damu na chetu. Mababu walikata mikono wakanywa damu katika kifuu kimoja. Tangu hapo sisi ni pela: hatuoani, hatunyimani, hatumwagiani damu. Pela akipita bustanini kwako huchuma bila kuomba, nawe hupaswi kuhesabu. Mimi nina miaka sabini na minane, yeye arobaini na mitano, na mwili wa kubeba piano.

"Mzee Zeth! Nimeshuka tu kwenye basi, harufu ikanishika shati ikanileta!"

"Shati la nani hilo? La kwako haliwezi kufunga tumbo hilo."

"La kwako, pela! Nililichukua Pasaka, umesahau?"

Akapanda darini, dari ikalia. Akatazama tawi nene kuliko yote. Nikasema bado changa, ni la Fin. Akasema: "Pela, siombi. Naarifu." Akalivunja kwa mkono, gome likachunika hadi chini.

Kidonda kile kiliniuma kuliko tawi. Kuvu hupenda mlango kama huo. Alipoondoka nikakisawazisha kwa kisu, nikapaka majivu. Fin alisema tu: hawezi kunyimwa. Kweli, hawezi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Amerudi na wanaume wawili wageni. Mmoja ana kijiti cha meno mdomoni, hakitoi hata akisema.

"Hawa si wa kiapo," nikamwambia Wempi.

"Aliye na mimi ni mimi, pela. Usitutie aibu mbele ya watu."

Wakapanda. Mwenye kijiti akahesabu mimea kwa kidole, moja hadi tano. Aliposhuka alikitazama kitasa cha mlango, si mimi.

Fin anasema nibadilishe kitasa leo hii. Nimemjibu: Wempi yumo kati yao, nani atatugusa? Akanitazama kama anavyotazama chakula.

Ningeweza kuvuna sasa. Lakini maua bado siku sita, dawa yake nyepesi. Unyevu sabini na nne, vichwa vitatu zaidi vimeoza. Nimefungua dirisha lote, hadi mwisho wa bawaba. Kiapo kitalinda mlango, upepo utalinda maua.

Jumanne, 12 Oktoba

Naandika herufi kubwa.

Saa tatu na nusu asubuhi. Mlango ulipigwa teke, kitasa kikaruka hadi jikoni. Watu watatu, nyuso zimefungwa skafu. Nilikuwa darini nakata kuvu. Wa kwanza akanishika kisogo akanibamiza uso kwenye boriti. Meno mawili. Wakang'oa mimea na mizizi yake, udongo ukatapakaa kama kaburi lililofukuliwa.

Fin alitoka kitandani. Alitambaa hadi chini ya ngazi akipiga kelele. Mwenye kijiti alikuwa amekwisha kushuka — kijiti kilitokeza kwenye skafu. Akampiga teke pajani. Mfupa ukavunjika. Najua sauti ya shina la waridi likivunjika kwenye baridi kali. Ni hiyohiyo.

Kisu cha kupogolea kilikuwa mkononi. Wa tatu alikuwa ngazini mbele yangu, amenipa mgongo. Nikampiga begani. Akageuka. Nikampiga tena, usoni. Skafu ikafunguka.

Wempi.

Damu nyingi, ya moto, hadi ndani ya viatu vyangu. Wenzake walimruka kama gogo, wakaondoka na mimea minne.

Jumatano, 13 Oktoba

Fin amewekewa chuma pajani. Desemba? Daktari anasema labda, kama atakula. Hajala.

Wempi amepoteza jicho la kushoto. Yuko chumba cha nne kutoka kwa Fin.

Polisi, binti mpole, aliniuliza kama nilimtambua Wempi nilipompiga. Nikasema alikuwa amefunika uso. Akaandika kana kwamba nimejibu.

Nyuma ya dohani nimekuta mmea wa tano, ulioangukia huko katika purukushani. Hawakuuona. Shina limevunjika, umening'inia kwenye uzi mmoja wa gome. Nimeukata, nikatenga matawi, nikayatundika kichwa chini, yasigusane. Feni inapuliza ukutani, si kwenye maua. Unyevu hamsini na nane. Dirisha wazi kabisa. Waje! Kilichobaki ni matawi manne na mzee mwenye mapengo.

Ijumaa, 15 Oktoba

Nimekausha kitawi kimoja kwenye oveni, moto mdogo. Kosa, najua, lakini sikuwa na siku. Nimempelekea kwenye mkate. Vijiko viwili vya wali. Akala cha tatu.

"Zeth," akasema, "mdomo wako umekuwa wa mtoto mchanga."

Jumamosi, 16 Oktoba

Mama Koba, mama yake Wempi, amekuja. Miaka themanini na minne, amekuja kwa miguu. Nilipofungua alinizaba kofi, pengo likaanza kutoka damu upya.

"Mkono wako huo umekula uji wa sago jikoni kwangu!"

"Alikuja kuiba, Mama Koba."

"Pela haibi! Pela huchukua! Nani kakufundisha neno hilo?"

"Na wale wawili aliowaleta?"

Akaketi kwenye ngazi, palepale penye doa.

"Hao atawajibia kwa Mungu. Lakini mwanangu alipiga kelele, Zeth. Fin mwenyewe kaniambia. 'Msimguse mama!' Alikuwa anashuka kumvuta yule mbwa. Ndiyo maana ulimkuta kakupa mgongo."

Nikasema sikusikia, masikio yangu ya zamani. Akanipapasa shavu alilolipiga, akaenda zake.

Nilisikia.

Hakuna wa kusoma hapa, basi niandike. Nilisikia "Msimguse mama," na sauti ile naijua tangu alipokuwa akiimba kwaya ya watoto. Nilijua ni yeye, na nilijua anakwenda kufanya nini. Ila Fin alikuwa amelala chini na mguu umegeuka upande, mgongo ule ulikuwa karibu, na nilitaka mtu wa kulipa. Mara ya kwanza na mara ya pili.

Jumapili, 17 Oktoba

Wako chini sebuleni. Mzee Markus wa Waelau, wazee wetu wawili, Mama Koba, Wempi na bendeji yake. Mezani bakuli la maji, chumvi, na kisu changu — polisi walichukua picha tu, wakaniachia! Au Wempi ndiye aliyewaambia jambo. Sijui. Hajanishtaki.

Ninachotakiwa ni neno moja, nikiwa nimeshika kisu hicho: sikujua. Damu ya pela iliyomwagwa kwa kutojua huoshwa, watu wakala pamoja. Ya kujua haioshwi. Aliyeimwaga hakanyagi tena Hatusina wala Waelau, akiwa hai au ndani ya jeneza.

Fin amepiga simu kutoka hospitali asubuhi. Amekula yai. "Sema tu, Zeth. Neno moja. Twende."

Kabla hawajafika nimekagua matawi. Kichwa kikubwa, kijani safi nje, hakuna jani lililobadilika rangi. Nimekipasua: kijivu hadi kwenye moyo. Nimekitupa. Vingine nimepasua kimoja kimoja, vyote, ingawa mkulima hafanyi hivyo. Vizima vitajaza chupa moja. Nikipima vizuri, vitamfikisha Desemba.

Nimemwandikia Agustina, mdogo wake Fin: kata tikiti, nenda na dada yako. Namna ya kuchemsha siagi nimeeleza, na asifunge chupa kabla vijiti vya maua havijakauka hadi kuvunjika kwa mlio. Barua iko chini ya chupa.

"Mzee Zeth!" Ni Wempi. "Shuka, pela! Nimebaki na jicho moja, na hilo lenyewe lina usingizi!"

Wamecheka. Mama Koba naye amecheka. Mzee Markus anakohoa, maana yake tuanze.

Unyevu hamsini na mbili. Dirisha nimeliacha wazi. Sitasema sikujua. Fin atakwenda Hatusina na Agustina. Mimi sitarudi.