Mboga ya Sufuria Kubwa

Jumapili, baada ya chakula

Kumbe ulimi wangu ni mzima.

Dada yangu Rose alikuja leo kutoka Moi's Bridge. Mke wangu akapika kama kawaida: sufuria ndogo yangu, bila chumvi kwa sababu ya ini na haya maji yanayojaa tumboni, na ile kubwa ya wengine. Rose akaonja mboga ya ile kubwa. "Mama Brian, chumvi iliwaishia?"

Kijana wetu Brian ndiye alijibu. "Anti, sisi hatuwekangi chumvi. Tuliacha Baba alipotoka hospitali, ndio asikule hivyo peke yake."

Hiyo ni miezi saba.

Kuna siku niliiba mboga kwa hiyo sufuria kubwa wakiwa kanisani. Haikuwa na ladha yoyote. Nikajua ini limemaliza hata ulimi. Kliniki wakiniuliza maisha ikoje, nawaambia sisikii ladha, nao wanaandika. Hapa nyumbani nikisikia harufu ya vitunguu nafoka, nawaambia wakulie raha yao huko jikoni. Na wao wanaenda kukulia jikoni.

Rose alipoenda nikamuuliza mke wangu, mbona basi sufuria mbili?

"Ungejua ungekataa."

Ni kweli, ningekataa.

Nilidhani nitalia. Nilikaa tu, miguu imevimba juu ya stuli.

Nimemwambia kesho apike sufuria moja.