Ubao Ulionipasukia Mkononi

Hyattsville, Maryland, Marekani

Kwa kaka yangu Salimu,

Salaam nyingi, kaka. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na miguu ya baba imepungua kuvimba. Mimi mwili ni mzima. Mengine siwezi kukudanganya.

Kariuki, yule Mkenya ninayepanga naye, alinitafutia kazi kwenye karakana ya mashua za mbao, mtoni huku. Baada ya miaka mitatu ya kubeba maboksi ghalani, nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. "Si ulisema we ni fundi wa boti?" akaniambia. "Enda uwaonyeshe, lakini usiniangushe, bro."

Kaka, vibano vyao vya kushikilia mbao ni vya chuma, vimejaa ukuta mzima. Unazungusha mpini tu, vinabana. Vyetu vya miti miwili, kamba na kabari wangevicheka. Siku ya pili wakanipa ncha ya ubao niibane kwenye mbavu za mashua. Ubao wenyewe walikuwa wameulainisha kwa mvuke ndani ya sanduku refu. Nikabana kidogo, nikasimama. Nikauacha uzoee, nikautegea sikio, kama baba alivyotufundisha: kaza, ngoja, kaza. Wenzangu wakapiga kelele, nami nikawainulia mkono watulie. Nikawaona wana pupa! Kumbe ubao wa mvuke hausubiri, ukishapoa unakuwa mgumu, basi. Nilipokaza tena ukapasuka, ufa urefu wa mkono mzima.

Msimamizi hakugomba. Alinishika bega akaniambia nisirudi kesho. Afadhali angenitukana.

Uliniandikia kwamba baba ananingoja nirudi nishike karakana yake. Kaka, nimekata tamaa. Huku ule ujuzi wangu ndio ulioniponza, na huko nitarudi na mikono iliyozoea maboksi, niwaaibishe mbele ya mafundi. Ishike wewe, msiningoje. Nimelia, mtu mzima mimi, nimejifungia bafuni Kariuki asinisikie.

Nisalimie sana shemeji, na shangazi yetu muuza maandazi, na mjomba mshona matanga kama bado anaona uzi.

Baba mweleze wewe, mimi sina uso wa kumwandikia. Najua hatauliza kama nimefukuzwa. Atauliza ubao ulikuwa wa mti gani. Mwambie ulikuwa mti mzuri.

Ni mimi mdogo wako,
Bakari