Jiko Lisilo na Kaa la Kugawa

Mshauri mwema, basi zile kamba za Manzi zimeshakuwa ukuta, umefika kwa dirisha, na mimi bado sijamwambia, nisaidie. Manzi ni mwanangu, fundi, kazi alijifunzia Bujumbura, ananijengea nyumba mpya hapa Nyamirambo, ya zamani ataibomoa. Anasema hii haitakula kuni: dirisha zinatazama jua la asubuhi, ukuta mzito unashika joto, na jikoni ataweka rondereza, lile jiko la udongo, moto unafungiwa ndani, juu iko matundu mawili ya sufuria, na mimi niko na sufuria moja. Ni akili nzuri, siku hizi za vita kuni ni taabu. Alipofunga kamba chini kupima vyumba akauliza, mama, iko sawa? Nikasema iko sawa. Kale kachumba ka jikoni nilidhani ni choo, na choo nani anakataa.

Sasa sikia. Niko peke yangu tangu mzee wangu afariki, alishona kofia, alikuwa na maneno kunishinda mimi, lakini tuache hiyo. Jiko yangu iko uani, mawe matatu, na kila asubuhi majirani wanakuja kuchukua moto, huyu na kigae, huyu na kipande cha bati, na hawaendi, wanakaa, tunaongea mpaka jua linapanda. Rondereza niliiona kwa dada yangu Kicukiro, kaa la kumpa mtu hakuna, na dada yangu anaongea na redio. Mukantwari anayeniandikia amecheka, mimi sikucheka. Manzi anakuja kujenga Jumapili tu, mchana, majirani wameshaondoka. Nikisema abomoe ukuta huo mpya, ni mama gani huyo? Nikinyamaza, nani atakuja kubishana nami... ngoja, jirani Kabagwira ananiita uani, anataka moto wa uji wa mtoto. Mukantwari, weka salamu, mimi naenda.

*

Mama, umeacha barua katikati ukaenda kumpa mtu moto, na hapo ndipo nimeielewa shida yako. Pole. Lakini kosa ni lako. Ulisema "iko sawa" kwa kitu usichokijua, na mwanao atajuaje? Yeye amehesabu kuni. Watu hukumwonyesha.

Usimwambie abomoe. Aje Jumamosi alale kwako, asubuhi akae uani mpaka wageni wako wote waondoke. Kisha umwambie hivi: "Jiko lako nalitaka. Lakini mlango wa jikoni uuelekeze upande wa njia, na chini ya ukuta wa jua unijengee benchi ndefu." Fanya wiki hii, kabla bati halijapanda.

Na lile tundu la pili ni la Kabagwira. Alete sufuria yake ya uji. Moto alikuwa anauchukua kwa kigae. Uji itabidi akae nao mpaka uive.