Mashua Zilizofungwa kwa Minyororo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Emily Nzisa
Umri: Miaka 36
Kazi: Kuuza samaki
Makao: Kando ya bwawa la Masinga, Wilaya ya Machakos
Tarehe: 24 Novemba 1997

Mimi ni Mkamba, mtu mzima, na nazungumza kwa hiari yangu. Niko na mashua moja ya mbao niliyoachiwa na marehemu mume wangu.

Jeremiah Kilonzo namjua tangu tukiwa watoto. Mwaka jana aliachishwa kazi ya kiwanda huko Athi River, akarudi nyumbani na kuanza biashara ya kukodisha mahali pa kufungia mashua, pale mto unapoingia bwawani. Tulimcheka sana. Tulimwuliza kama kesho atatukodisha na upepo. Halafu mashua zikaanza kuibwa, kicheko kikaisha, sote tukaenda kwake.

Alisimika nguzo wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamepungua, akazitia simiti. Pete ya kufungia aliiweka chini kabisa ya nguzo, ili mwizi asiutoe mnyororo kwa juu. Minyororo yenyewe ilikuwa mifupi, ya kufungia fahali, aliyouziwa na Abdisamad mwenye ng'ombe. Funguo alikaa nazo yeye, kwa sababu sisi wenye mashua hatukuaminiana. Tangu hapo hakuna mashua iliyoibwa. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli.

Mnamo tarehe 21 Novemba, asubuhi, nilimvusha ndugu yangu Justus hadi kilima kidogo cha udongo kilicho katikati ya maji. Wakati wa kiangazi watu hufika huko kwa miguu na kupanda kunde pale maji yalipoondoka. Sasa maji ya mvua yalikuwa yamekizunguka, na Justus alitaka kuvuna kunde zake kabla hazijaoza. Aliniambia, "Unikujie saa nane, na usikawie kama kawaida yako." Nilirudi, Jeremiah akafunga mashua, akaenda Kithimani na funguo zote.

Kwetu siku hiyo hakukunyesha. Jua liliwaka. Lakini mchana mto ulikuja na maji mengi, mekundu, yamebeba miti. Nilipofika, nguzo zilikuwa zimebaki vichwa tu. Maji yalizidi kupanda na minyororo haikufika juu. Mashua zikavutwa mbele chini, nyuma juu, zikajaa maji moja baada ya nyingine, na yangu pia.

Kufuli zilikuwa chini huko. Ingekuwa kamba, ningeikata na panga. Wanaume wawili waliingia wameshikana mikono, mto ukawarudisha. Mmoja alijaribu kugonga mnyororo kwa jiwe, akawa anagonga maji.

Justus alikuwa amesimama juu ya kilima na gunia lake. Alikuwa ananiona. Aliita, "Nzisa! Leta mashua! Kwani unangoja nini?" Nilimjibu kwamba imefungwa, lakini kelele za mto zilikuwa nyingi. Akaita tena kwa hasira, vile anavyonigombeza nyumbani. Sikuwa na la kufanya, afande. Nilishika kichwa tu. Kilima kikakatika upande mmoja, halafu chote, na sikumwona tena. Mpaka leo hajapatikana.

Jeremiah alifika baadaye. Alishuka mbio, funguo mkononi, akaingia majini na viatu vyake mpaka kifuani. Tulimtoa kwa nguvu.

Nimeulizwa kama nataka ashtakiwe. Watu wameshachoma kibanda chake. Mimi sitaki hata kumwona, nina hasira naye sana, lakini nikiambiwa nitaje kosa lake nashindwa. Alitufanyia kile tulichotaka afanye.

Mama anajua Justus amechukuliwa na maji. Hajui kwamba nilikuwepo. Kila siku ananiuliza kama kuna mtu aliyesikia neno lake la mwisho. Nimemwambia hakuna.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na sina la kuongeza.

Sahihi: E. Nzisa

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kikamba, akayakubali bila kubadilisha neno. Ameomba kwamba akihitajika tena asifuatwe nyumbani, aitwe sokoni.

Konstebo Bonface Maundu