Ojara wa Mechi Tatu

Jumanne, 2 Septemba
Nimefungua duka saa mbili. Sare za shule, wateja wachache, Ntinda yote imesimama kwa foleni ya magari. Jioni nimepita uwanjani Kyebando. Timu yetu ya besiboli inatimiza miaka kumi, nasi mashabiki tunatengeneza bango lenye majina ya wote waliowahi kuichezea. Nalongo, mama wa mapacha anayetuuzia chai, akauliza, "Na Kuku yetu?" Tukacheka hadi machozi.

Alhamisi, 4 Septemba
Kuku. Mrushaji wa mechi tatu tu, miaka sita iliyopita. Kabla ya kurusha mpira alipunga viwiko kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Mimi ndiye niliyepaza sauti kwanza: Kuku! Uwanja mzima ukanifuata.

Mechi ya pili aliwatoa wapigaji watatu mfululizo. Sajini Opio, polisi mstaafu, mtu asiyecheka ovyo, akavua kofia akaitupa juu. Haikuonekana tena. Mechi ya tatu mipira ya Kuku ilipigwa vibaya. Kisha akapotea. Tulisema kazi imemhamisha. Miaka yote hii tunamsimulia, na jina lake halisi hakuna anayelijua. Aibu.

Jumamosi, 6 Septemba
Sajini amempata Kuku. Anaitwa Ojara. Mtoto wa mwanajeshi, amekulia kambini. Hakuhamishwa popote. Yuko Bwaise, anatengeneza pikipiki.

Sajini alikuja dukani mwenyewe, akakataa kukaa. "Ile kijana imekataa kurudi kwa uwanja. Imesema, wale watu ya kuku, waambie mimi nilikufa."

Mchana wote sikuuza kitu. Nimemkasirikia Ojara. Halafu nikajikasirikia.

Jumapili, 7 Septemba
Kanisani sikusikia mahubiri. Tulimpenda yule kijana. Lakini nani alimwambia?

Jumatano, 10 Septemba
Nimeenda Bwaise. Mvua ya jana imeacha maji hadi milangoni, nikavuka nimeshika viatu mkononi. Ojara amenenepa kidogo. Mikono imejaa grisi. Nikajitambulisha: mimi ndiye wa kwanza kukuita Kuku. Akaendelea kukaza nati.

"Mama, mimi nilikuwa nalala nasikia hiyo jina."

"Tulikuwa tunakupenda."

"Sasa mimi ningejua aje?"

Nikamwomba msamaha, tena vibaya. Kisha nikamsimulia ile kofia ya Sajini. Hapo akaweka spana chini. Kumbe aliiona ikiruka. Siku zote alidhani Sajini aliitupa kwa hasira.

Akaniuliza kama nina hakika. Akauliza tena.

Nikamwambia kuhusu bango na mechi ya Jumamosi, akarudia nati zake. Nimerudi nimechoka kabisa. Sijui kama nimetengeneza au nimeharibu.

Jumamosi, 13 Septemba
Amekuja!

Na mkewe. Wamekaa upande wa pili wa uwanja, mbali na sisi. Hakuna aliyethubutu kupiga kelele. Nalongo akavuka na vikombe viwili vya chai, akamwita kwa jina lake. Sajini akafuata, akamshika mkono, hakuuachia haraka. Mimi nikabaki nilipo. Mwishowe mkewe akanipungia niende.

Bangoni tumeandika: Ojara, mrushaji. Basi. Alilisoma taratibu, kisha akasoma na majina ya wengine wote.

Tumeshindwa vibaya. Mwamuzi alipotunyima pointi ya wazi, Ojara alisimama akamfokea kuliko sisi sote. Mkewe alimvuta shati. Hakukaa.

Jumapili, 14 Septemba
Nimefua. Mvua kidogo baada ya kanisa. Koo limekauka kwa kelele za jana.

Mechi ijayo ni Jumamosi saa nane. Ojara nimemwambia saa saba, wapate pa kukaa kivulini.