Sauti ya Mshika Taa

3 Februari

Mwanangu kipenzi,

Natumaini umeamka salama na unakula. Sisi tupo. Baba yako upande wa kushoto bado umepooza, ila jana alinikaripia kwa ajili ya chumvi, nikajua Mungu yupo.

Kila Jumamosi namgeuza, namfunika, kisha nakimbilia kwa Mama Vifungo, fundi cherehani wa pale kona, kukusikiliza kwenye televisheni yake. Wateja wote nimewaambia: yule Mshika Taa anayemtangulia malkia mdogo gizani ni katuni ya Wajapani, lakini sauti nimeizaa mimi. Joka lilipovunja lango la kasri, mawaziri walitoka mbio na sahani za dhahabu, akabaki Mshika Taa peke yake. Mama Vifungo akalia. Mimi nilikasirika. Malkia ana mikono miwili mizima, kwa nini asishike taa mwenyewe? Hata asante sijamsikia akisema.

Sasa nikuulize. Zamani ulikuwa unapiga simu kila Jumapili. Siku hizi ni barua tu, na ukipigiwa hupokei. Nimekukosea nini?

Mama yako

19 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Pole na kumuuguza baba. Hujanikosea kitu.

Nina uvimbe kooni. Daktari amenikataza kuongea. Nilimwomba aniachie angalau saa za studio, akakubali shingo upande. Kwa hiyo nje ya kazi siongei na mtu. Sokoni naonyesha kwa kidole, wauza mboga wananiita Bubu na kunichagulia nyanya nzuri.

Wanataka kunipasua. Sauti itatoka pamoja na uvimbe na haitarudi. Nimewaambia wasubiri nimalize. Mshika Taa bado hajamfikisha malkia wake nyumbani, na prodyuza anasema nikiacha njiani watazamaji hawatamkubali mwingine. Kama ni sauti yangu ya mwisho, Mama, nataka ifike mahali. Baba usimwambie.

Binti yako

27 Februari

Mwanangu,

Habari zako siulizi, nimeshazijua. Barua yako niliisoma jikoni, mlango nimeufunga.

Mimi niliishia darasa la tatu, mambo ya uvimbe siyajui. Ninachojua ni kwamba kitu kinachokua hakimsubiri mtu amalize kazi. Nenda kapasuliwe kesho. Huyo malkia amechorwa, mama. Ukimwacha gizani atakaa gizani na hataumia. Na prodyuza wako, mbona yeye hajatoa koo lake?

Nikwambie kinachonichoma. Sauti yote iliyobaki unampa yule, na mimi niliyekufundisha kutamka maji na mama naenda kuiokota kwa jirani, katikati ya kelele za cherehani.

Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Mama yako anayekuomba

6 Juni

Mwanangu,

U hali gani? Barua zangu zote hujajibu. Nilikuwa najipa moyo kwamba maadamu nakusikia Jumamosi, upo.

Jumamosi hii malkia alikuwa amelala pangoni. Mshika Taa akainama, akamwambia, “Malkia wangu, kumekucha.” Hukuwa wewe. Mama Vifungo anasema ni sauti ile ile, labda umepata mafua. Wateja nao wanasema hawaoni tofauti. Huyo mwingine anasema “malkia wangu” kama anayeita wanunuzi.

Niliporudi, baba yako akauliza leo binti yake kasema nini. Nikamjibu umesema kumekucha.

Uko wapi, mwanangu?

Mama yako

30 Juni

Mama yangu,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika nimelala.

Sauti ilikatika katikati ya sentensi. Nilifungua kinywa mbele ya maikrofoni, pakatoka upepo. Prodyuza akanipa maji, akanipa kiti. Wiki iliyofuata msichana mwingine alikuwa amevaa vipokea sauti vyangu vya masikioni, na watazamaji hawakulalamika.

Ndipo nikaenda hospitali. Daktari amesema hapasui tena, ugonjwa umeshashuka kifuani. Ulisema kweli, Mama. Barua zako nilikuwa naziweka chini ya mto, nikiona aibu kuzijibu.

Usije. Ukija, nani atamgeuza baba? Sitaki atoke vidonda kwa ajili yangu. Mwenye nyumba ananiletea uji, na mlango siufungi kwa ufunguo ili asinisumbue kuamka.

Binti yako

8 Julai

Mwanangu,

Nakuja.

Shangazi yako amefika na mkoba wake. Kumgeuza baba yako nimemfundisha, kukaripiwa atazoea mwenyewe. Baba yako nimemwambia yote. Aligeuzia uso ukutani mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia nikuletee blanketi lake, huenda chumba chako kina baridi. Nikamuuliza na yeye atajifunika nini. Akasema hilo halinihusu.

Dawa sina, mwanangu, wala sitakudanganya kwamba utapona. Nina blanketi na nina mikono. Nitakuosha, nitakusuka, tutakaa. Kuongea nitaongea mimi, ya mtaani yapo mengi, na ukichoka kunisikiliza unifinye. Kukugombeza sitakugombeza. Nilikuwa na maneno yangu nimeyapanga, nimeyaacha huku.

Basi linatoka kesho asubuhi. Nikifika nitapiga hodi, ni mazoea tu. Usihangaike kuitikia. Nitaingia.

Mama yako